Mdogo wangu, kabla hujaivaa ile kaptura

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa msichana wa miaka 22 anayeishi Texas. "Shikamoo dada. Nimeitwa kazini kwenye mgahawa wa wale wasichana wa kaptura. Wanasema pesa ipo. Mama akijua ataniua, na rafiki zangu wananicheka kwamba hiyo kazi imepitwa na wakati. Mimi nataka tu kulipa ada. Wewe uliwahi kuandika kwamba ulishaifanya. Nifanyeje?"

Nilimjibu siku hiyohiyo kwa mistari miwili, kisha usiku usingizi ukakataa. Kwa hiyo namjibu tena hapa, kwa urefu. Na wewe unayesoma, najua ulichofuata Marekani ni kilekile nilichofuata mimi: kusoma, kuinuka, na kutuma chochote nyumbani mwisho wa mwezi.

Ndiyo, niliifanya. Nasema kuhusu migahawa ya mtindo wa Hooters, ambako wasichana wa mezani huvalishwa kaptura fupi ili kuvuta wateja. Miaka minne, kuanzia 2004 hadi 2008, kwenye mgahawa mmoja kando ya barabara kuu, nje kidogo ya Houston. Jina lake siliandiki. Nilikuwa na miaka 24, nimeingia kwa bahati nasibu ya viza, makaratasi yangu safi, lakini mfukoni sina kitu. Nilikuwa nimeshasafisha maofisi usiku na kuogesha wazee mchana, na bado kodi ya nyumba ilikuwa inanishinda. Msichana niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja akaniambia pale wanachukua watu.

Kwenye usaili hakuna aliyeniuliza kama najua kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja. Meneja aliniambia nisimame, nigeuke, nitabasamu. Kisha akanisogezea karatasi. Ilisema naelewa kwamba mvuto wa kike ni sehemu ya kazi yenyewe, na kwamba utani wa wateja kuhusu mwili wangu ni sehemu ya mazingira ya kazi. Nikasaini palepale, sijamaliza hata kuisoma. Nilifurahi mno siku ile. Nilipita dukani kununua viatu vyeupe, maana viatu ulijinunulia mwenyewe.

Mshahara ulikuwa dola 2.13 kwa saa. Hicho ndicho kima cha chini cha serikali kuu ya Marekani kwa wanaopokea bakshishi, hakijaguswa tangu 1991, na Texas wanakifuata mpaka leo. Sheria inamtaka mwajiri ajazie pale bakshishi isipofikisha kima cha chini cha kawaida. Pale kwetu sikuona mtu akijaziwa hata siku moja.

Mdogo wangu, hapa ndipo nataka utulie. Watu wakizungumzia migahawa hii wanazungumzia kaptura. Kaptura si kitu. Ufukweni watu wanavaa pungufu ya ile na hakuna anayeshtuka. Kilichonibana mimi ni ile 2.13. Mgahawa haukulipi kitu cha maana, anayekulipa ni yule mzee wa meza ya saba. Akiweka mkono kiunoni mwako, yeye ndiye mwajiri wako kwa saa mbili zijazo. Ukimtoa mkono, umeutoa na mshahara. Nilijifunza kugeuka kwa ustadi, trei ikiwa upande wa mkono wake, ili asifike na wala asijue kwamba nimemkwepa. Niliufanya ustadi ule miaka minne, na mpaka leo mtu akinijia kwa upande wa kushoto mwili unageuka wenyewe.

Na sitasema uongo kwamba sikupata kitu. Ijumaa moja ya mpira niliondoka na dola 210 taslimu. Pesa ile ilimsomesha mdogo wangu mpaka kidato cha sita. Iliezeka nyumba ya mama kwa bati jipya. Ninajivunia, na sitaomba radhi kwa mtu. Mama nilimwambia nafanya kazi mgahawani, basi, akawa ananiombea kila alfajiri mwanangu anayepika kwa Wazungu. Alifariki 2016. Hakuwahi kujua sare yangu ilifananaje, na picha zote za miaka ile bado nimezifungia kwenye bahasha.

Mwaka 2007 nikapata mimba. Kabla tumbo halijaonekana vizuri, zamu zangu zilishuka kutoka tano kwa wiki hadi mbili, tena za Jumanne mchana, wakati wanaokula ni madereva wawili na televisheni. Nilipouliza, meneja alinijibu kwamba wateja hawaji pale kuona "hilo", akiangalia tumbo langu. Hilo lilikuwa binti yangu. Nikanyamaza. Sikujua kwamba tangu 1978 kuna sheria inayokataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya mimba. Sikujua kwamba kuna tume ya serikali ya usawa katika ajira, EEOC, na kwamba una siku 180 za kupeleka malalamiko, au 300 katika majimbo mengi. Nilipokuja kujua, siku zilikuwa zimeshapita zamani. Nimesamehe mengi katika maisha yangu. Hilo la meneja bado linanichoma.

Miaka ilipopita nikaanza kusoma historia ya biashara hii, nikakuta jeraha langu si jipya. Klabu za Playboy, lile jarida la picha za wanawake uchi, zilianzia Chicago mwaka 1960, wasichana wakivalishwa masikio ya sungura. Mwaka 1963 mwandishi Gloria Steinem akajiajiri kwa siri kwenye klabu yao ya New York na kuandika jinsi walivyokatwa alama kwa makosa madogomadogo na kulipwa pungufu ya walichoahidiwa. Kizazi cha mama zake marafiki zangu wa hapa kilisoma habari hiyo. Hata hivyo mwaka 1983 wafanyabiashara sita walifungua Hooters ya kwanza Clearwater, Florida, na watu wakajaa. Miaka ya 90 wanaume walionyimwa kazi ya kuhudumu pale walikwenda mahakamani, na mwaka 1997 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 3.75. Nafasi nyingine zikafunguliwa kwa wanaume, lakini ya msichana wa mezani ikabaki ya wanawake. Hoja ya kampuni ilikuwa kwamba msichana yule hauzi chakula tu, yeye mwenyewe ni burudani. Niliposoma hivyo nikaielewa ile karatasi niliyosaini.

Sasa sikiliza kilichotokea Oktoba 2021. Hooters walileta kaptura mpya, fupi kiasi kwamba wasichana walisema ni chupi. Enzi zetu tungelilia stoo, tukajifuta machozi, tukatoka na tabasamu. Hawa walichukua simu, wakaivaa mbele ya kioo, wakaiweka TikTok. Mamilioni wakatazama, na kampuni ikatangaza kwamba kila msichana atachagua avae ipi. Niliitazama ile video nikiwa nimekaa kwenye gari, nikalia. Si kwa huzuni. Nililia kwa sababu ilichukua siku chache tu kupata jambo ambalo sisi hatukuthubutu hata kulinong'ona.

Ndiyo maana sipendi wazee wenzangu wanaposema vijana wa siku hizi hawana heshima kwa kuwa wanavaa nguo fupi kuliko sisi. Nina binti wa miaka 17. Anavaa kaptura ambazo mama yangu angezitupa motoni. Lakini nilipomwonyesha bahasha yangu ya picha mwaka huu, hakuuliza "ulivaaje vile?" Aliuliza, "Nani alikuchagulia?" Mama yangu angeona aibu ya nguo. Binti yangu aliona aibu ya yule aliyeamua. Baina ya hao wawili niko mimi, na ni mmoja tu aliyeuliza swali sahihi.

Mwishoni mwa Machi 2025 Hooters walijisalimisha mahakamani Dallas kwa kufilisika, wakiwa na deni la dola milioni 376 hivi. Mara watu wakaandika kwamba vijana ndio wameiua biashara hii. Ni kweli vijana wengi wa kiume hawaoni raha kumpeleka mchumba mahali pa kukodolea macho wanawake wengine. Lakini gharama za chakula na vibarua nazo zilipanda, na deni halikuletwa na vijana. Halafu kampuni nyingine ya migahawa, Twin Peaks, iliyoanzia Lewisville, Texas, mwaka 2005 kwa mtindo uleule, ilizidi kufungua matawi mpaka yakapita 100. Kwa hiyo usidanganyike, mdogo wangu, kwamba dunia imeshaokoka. Hata waanzilishi waliorudi kuichukua Hooters wameahidi kufuta usiku wa bikini na kurudisha familia mezani. Wamehesabu na wameona pesa imehama. Mtu akibadilika kwa hesabu, hesabu ikigeuka naye atageuka.

Basi nikushauri nini? Ujue nani anakulipa. Nakurudia: ujue nani anakulipa. Kama ni mteja peke yake, basi ujue umeajiriwa na kila anayekaa kwenye kiti chako. Andika kila kitu: tarehe, zamu, maneno aliyosema meneja, nani alikuwepo. Mimi sikuandika, na ndiyo maana leo nina uchungu tu, sina ushahidi. Weka tarehe ya kuondoka kabla hujaanza: siku ada yako itakapotimia, si siku utakapochoka. Na usimfiche mama yako. Najua utasema mama yako si wa kuambiwa. Wangu pia hakuwa. Kilichonilemea miaka tisa tangu nimzike ni kule kuficha; kazi yenyewe niliibeba vizuri.

Na jambo moja kubwa: kusaini kwamba utani ni sehemu ya kazi hakukunyimi haki ya kulalamika ukinyanyaswa. Haki unayopewa na sheria ya haki za kiraia ya 1964, inayokataza ubaguzi kazini, huwezi kuiuza mapema kwa kalamu. Mtu akikuambia "si ulisaini?", mwambie nilisaini kuhudumu meza.

Wewe unayesoma na hufanyi kazi hizi, usijione uko pembeni. Ukikaa kwenye mgahawa wa aina hiyo, ile bakshishi yako ndiyo mshahara wa mtu. Iache kamili hata kama hakutabasamu. Hasa kama hakutabasamu.

Ile mistari miwili niliyomtumia siku ya kwanza ilikuwa hii: "Usisaini leo. Piga picha karatasi yote, kurasa zote, nitumie." Jana usiku amenitumia. Imepita zaidi ya miaka 20, na aya ya tatu inafanana sana na ile niliyosaini mimi. Nimempigia mstari mwekundu sentensi mbili za kuuliza, na Jumatatu saa nne asubuhi ndipo anarudi kwa meneja.