Jibu: Inazima ikishapata moto, ikipoa inawaka

Waalaikum salaam sheikh. Umesema hiyo pikipiki yako ya 125 inatoka Chake vizuri, ukikaribia Konde inazima, ukipumzika nusu saa inawaka kama haikuwa na kitu. Kabureta (inayochanganya mafuta na hewa) usiiguse kwanza, ingawa kila fundi wa mtaani atakwambia "tuisafishe".

Ikizima tu, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa inafyonzwa fsss, na baada ya dakika moja ikawaka, basi kitundu cha kupumulia cha kifuniko kimeziba na mafuta hayashuki. Kizibue kwa waya mwembamba, kazi imekwisha.

Kama si hivyo, funga tangi, chomoa plagi, ile inayotoa cheche, ingali moto (shika kwa kitambaa), irudishe kwenye kofia yake ya waya, igusishe chuma cha injini mbali na tundu ilimotoka, halafu piga kiki. Cheche ziwe za buluu, zenye mlio. Zikiwa nyekundu na dhaifu, au hakuna kabisa, badilisha plagi mwanzo maana ndiyo rahisi, ikishindikana, koili inayoipa plagi umeme. Chungulia na ndani ya kofia: kwa hewa yetu hii ya chumvi, shaba huota kutu ya kijani na umeme unapotea hapo hapo.

Cheche nzuri lakini kiki imekuwa nyepesi kuliko asubuhi? Hapo tapeti, yaani kile kinafasi kidogo cha juu ya valvu, zimebana. Valvu (milango ya kuingiza mafuta na kutoa moshi) ikirefuka kwa joto haifungi sawasawa, kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya injini, inatoroka. Zipime kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) injini ikiwa imepoa kabisa. Kipimo kimo kwenye kitabu chake. Huna fila geji, azima kwa fundi, kwa sikio hazipimiki.