Vinia yenye michirizi kwenye gita la umeme: kazi kubwa ni kabla ya gundi

Watu wakisikia gita lina vinia usoni, yaani karatasi nyembamba ya mbao iliyobandikwa, wanakunja uso, wanaona ni danganya toto, eti gita la maana lazima liwe na ubao mnene wa mepo (mbao ngumu nyeupe, maple) juu kama zile gita za Gibson Les Paul za 1958 mpaka 1960. Mimi siko upande huo kabisa. Karatasi ya mbao ya milimita 0.6 haibadilishi sauti ya bodi nene yenye pikapu (sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi), na kwa macho inakupa kila kitu, na hata kampuni ya PRS kwenye magita yao ya toleo la SE wanabandika vinia ya michirizi juu ya mepo ya kawaida na watu wanayapenda vilevile. Ubao wenye mchoro mkali ni adimu na ghali, gogo moja likikatwa vinia linafunika magita mengi mno, sasa ubishi wa nini.

Ila ujue unashika nini. Milimita 0.6 ni nyembamba kweli, kosa ulilogandisha na gundi huwezi kuja kulifuta na msasa, kwa hiyo kila kitu kiamuliwe mapema.

Anza na kuipangilia. Ukitaka zile pande mbili zinazofanana kama kitabu kilichofunguliwa, unachukua karatasi mbili zilizofuatana kwenye gogo unaigeuza moja. Hapo kuna kitu wengi hawakitegemei: ukiigeuza, nyuzi za mbao zinaegemea upande wa pili, basi mwanga ukipiga upande mmoja unang'aa na mwingine unakuwa mweusi, ukizungusha gita zinabadilishana. Hiyo si kasoro, ndiyo raha yenyewe. Lakini pangusa spiriti kidogo juu uone mchoro utakavyokuwa ukishapigwa vanishi, halafu simama mbali uangalie, maana mchoro mzuri kwenye karatasi nzima unaweza kuwa mbovu ukishatoboa nafasi ya pikapu na briji (kikalio cha nyuzi za gita), ile sehemu kali yote ikaondoka na vumbi. Mimi huwa nakata umbo la gita kwenye karatasi ngumu, natoboa ndani, natembeza lile dirisha juu ya vinia mpaka nipate pa kukata.

Maungio ya katikati yakate zote mbili kwa pamoja, zimebanwa kati ya mbao mbili zilizonyooka, kisha zishike na ile tepu ya karatasi inayolowanishwa, upande wa juu sio wa gundi! Na mstari huo lazima ufuate kati ya shingo, ukienda pembeni hata milimita mbili jicho linaona tu.

Vinia yenye mchoro wa vinundu au wa mawimbi mara nyingi inakuja imejikunja kama chipsi. Usiilazimishe kavu, itapasuka. Inyunyizie maji yenye gliserini kidogo na spiriti, iweke kati ya karatasi za kunyonya maji na mbao mbili na uzito juu, badilisha karatasi mpaka ikauke ikiwa bapa.

Gundi sasa. Gundi nyeupe ya mbao inafaa, ila ina maji, na vinia ikinywa maji inavimba inajikunja mikononi, kwa hiyo paka kwenye bodi tu, sio kwenye vinia, sawazisha na rola iwe utando mwembamba, weka, bana haraka. Ikizidi inapenya kwenye vitundu mpaka juu na hapo rangi haishiki, unabaki na mabaka meupe. Kwa vinia ya vinundu yenye matundu napendelea epoksi kwa sababu haina maji, japo nayo ukiizidisha inapenya vilevile. Ile gundi ya mpira ya kubandikia fomeka achana nayo, vimiminika vya laka vinaweza kuilainisha ukaona mapovu. Juu weka nailoni, kisha ubao mnene, halafu klampu nyingi uanzie katikati kwenda nje ili hewa na gundi vitoke. Mwenye mfuko wa vakyumu na pampu amebarikiwa, hewa inakandamiza kila mahali sawasawa.

Hii yote ni kwa gita bapa. Vinia inakubali kupinda upande mmoja, haikubali kupinda pande mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo uso uliochongwa kama tumbo la fidla usijaribu. Na ukingo ukiuviringisha utakula vinia na ubao wa chini utaonekana, bora uweke baindingi (utepe wa kufunika ukingo) au uache ukingo mkali kiasi.

Msasa: mkono tu na kibao bapa, namba 220, mashine weka mbali. Ile mbinu ya kupaka nyeusi kisha kuikwangua ili michirizi ichomoze inafaa kwa ubao mnene, kwenye vinia punguza, rangi nyepesi ya kuchanganya na spiriti inatosha kabisa, na mikwaruzo midogo iache ijazwe na vanishi, utasawazisha vanishi sio mbao.

Kabla ya rangi gonga kwa kucha uso mzima. Ukisikia sauti ya utupu pana povu, lichane na wembe kufuata nyuzi, ingiza gundi kwa sindano, weka nailoni na ubao mdogo, kaza. Kwenye mchoro wa mawimbi mchano huo hata mwenye gita hatauona, kwenye michirizi iliyonyooka utaonekana kidogo ukiuinamia karibu.