Bahari ni safi, mbona wamefunga?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tacoma, katika jimbo la Washington, Marekani. Nimelelewa pwani, maji yakipwa tulikuwa tukienda na nyanya yangu kuchokoa kombe na chaza. Mwezi uliopita nilikata leseni, nikangoja bamvua, nikawachukua wanangu hadi ufukwe mmoja wa Puget Sound. Maji maangavu, mchanga wa chini unauona. Tukakuta bango: pamefungwa, kuna sumu. Tukarudi na ndoo tupu. Mume wangu anasema serikali inajitafutia kazi tu, tungewachemsha vizuri wala kisingetupata kitu. Je, nani anaamua, na kwa kipimo gani? Na hawa wa dukani nitajuaje kama wamekaguliwa?
Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa ndoo tupu, na ahsante kwa kulitii lile bango. Kwa miaka 11 nilifanya kazi katika jimbo hilohilo, nikichukua sampuli za maji na za kome, kwa hiyo swali lako limenigusa.

Nianze na mume wako na sufuria yake. Sumu iliyofunga ufukwe ule huenda ni ile ya kupoozesha, ndiyo inayofunga fukwe nyingi za huko. Kwa miongo mingi imepimwa hivi: kome wanatolewa kwenye magamba, wanasagwa mpaka wawe kama uji mzito wa rangi ya machungwa, zinapimwa gramu 100, inatiwa asidi nyepesi, kisha inachemshwa kwa dakika 5. Baada ya hapo ndipo mililita 1 ya ule mchuzi anadungwa panya, na saa inaanza kuhesabiwa mpaka afe. Umeona? Kipimo chenyewe kinaanza kwa kuchemsha, tena ndani ya asidi, na sumu haitikisiki. Kugandisha nako hakuiondoi. Uji ule nimeusaga mara nyingi, na nakwambia wenye sumu na usio na sumu unanukia sawasawa, harufu nzuri ya kome wabichi.

Sumu hiyo inatoka kwa vijimea vidogo vinavyoelea baharini, visivyoonekana kwa macho. Kome, kombe na chaza wanakula kwa kuchuja maji. Chaza mmoja mkubwa, hali ikiwa nzuri, anaweza kuchuja hata lita 190 kwa siku. Anachokichuja kinabaki mwilini mwake, yeye mwenyewe asiumwe. Watu husubiri maji yawe mekundu ndipo waogope, lakini mara nyingi sumu ipo na maji ni meupe kama ulivyoyaona wewe. Mpaka uliowekwa ni mikrogramu 80 za sumu kwa kila gramu 100 za nyama. Ikifika hapo, wanafunga. Anayekula yenye kuzidi sana huanza kuhisi ganzi midomoni, kisha vidoleni, na ikifika kwenye misuli ya kupumulia hakuna dawa ya kuizimua; hospitali humsaidia kupumua mpaka imtoke. Ukihisi ganzi hiyo baada ya kula, usilale kwanza uone itakuwaje. Kimbia hospitali.

Kuna na nyingine, inayoshika ubongo. Mwaka 1987 kome wa Kisiwa cha Prince Edward, Kanada, waliwafanya watu zaidi ya 100 waugue, na baadhi yao walipoteza kumbukumbu. Tangu hapo nayo inapimwa.

Sasa hatari ya pili, na hapa mume wako ana haki kidogo: vijidudu vya kinyesi. Mipango hii yote ya ukaguzi ilizaliwa huko. Majira ya baridi ya 1924 kuingia 1925, homa ya matumbo iliwapata watu wapatao 1,500 New York, Chicago na Washington D.C., na 150 hivi wakafariki. Chanzo kilikuwa chaza waliokaa kwenye maji machafu. Mwaka huohuo wa 1925 majimbo, serikali kuu na wafanyabiashara wakakubaliana: kila jimbo lipime maji yake na kuyagawa, haya ruhusa, haya kwa masharti, haya marufuku, na serikali kuu iyakague majimbo.

Kazi hiyo ndiyo niliyoizoea zaidi. Unaishika chupa iliyotakaswa kwa kitako, unaizamisha mdomo chini, kisha unaigeuza kuelekea mkondo ili mkono wako usiyachafue maji, unaacha nafasi ndogo ya hewa, unaitia kwenye barafu. Kwa maji ya ruhusa, wastani wa bakteria wa kinyesi usizidi 14 kwa mililita 100. Lakini chupa peke yake haitoshi. Lazima utembee pwani nzima, uangalie matangi ya vyoo, mifereji, zizi la ng'ombe lililo juu ya kijito. Ndiyo maana sehemu nyingine zinafungwa kila baada ya mvua kubwa hata kabla hazijapimwa: inajulikana tayari mvua itateremsha nini.

Vijidudu, moto unaviua. Wale wanaozaana maji yakipata joto wakati wa kiangazi, ambao hata hawatokani na kinyesi, nao moto unawaua. Kwa hiyo pika kila mara, hasa kama nyumbani kuna mgonjwa wa ini. Lakini usipike ukidhani umeitoa sumu.

Wa dukani: kila gunia huja na lebo yenye namba ya cheti cha msafirishaji, tarehe na mahali walipovuliwa. Muuzaji anatakiwa kuitunza siku 90 baada ya gunia kwisha, ili mtu akiugua ijulikane walitoka maji gani. Omba uione, bila haya. Akikosa, nenda kwingine.

Jambo moja bado linaniuma. Niliwahi kuikuta familia imejaza ndoo mbili kwenye ufukwe uliofungwa. Bango lilikuwa limeanguka kifudifudi kwenye majani, na waliopaswa kulisimamisha walikuwa wameambiwa siku tatu kabla. Tuliwamwaga wale kombe pamoja, watoto wanalia. Kwa hiyo usitegemee bango. Wala usitegemee leseni: hiyo, pamoja na misimu ya kuvua, ni mambo ya Idara ya Samaki na Wanyamapori, lakini usalama ni wa Idara ya Afya ya Jimbo, na msimu unaweza kuwa wazi huku Afya imefunga. Fungua ramani ya Idara ya Afya asubuhi ileile ya safari, uisome mpaka kwenye aina. Kombe wakubwa ambao wenyeji huwaita kombe wa siagi hushikilia sumu hata mwaka na zaidi, kome wakiwa wamekwisha kujisafisha zamani.

Pakiwa wazi, kila mmoja wenu awe na chombo chake, hata watoto, sheria inataka hivyo. Mashimo mliyochimba yafukieni. Na chaza muwapasue palepale ufukweni, magamba myaache, maana vitoto vya chaza huja kushikamana nayo.