Maili 60,000 za ndege ni shilingi ngapi?

Swali: Dada mhariri habari za kazi. Mimi nauza mapazia na vitenge Kariakoo, naenda Dubai na saa nyingine nafika Guangzhou. Kwenye akaunti yangu ya shirika moja la Ghuba nina maili 60,000, zile pointi wanazokupa ukisafiri nao. Jamaa mmoja dukani anasema hizo ni kama dola 1,000, mwingine anasema ni namba tu za kutuzuga. Nimeangalia tiketi ya kwenda na kurudi Dubai, kwa hela ni dola 480, kwa maili wanataka 45,000 na juu yake dola 190 za kodi na tozo. Nitumie au nisitumie?
*Mfanyabiashara, Dar es Salaam*

Jibu: Nzuri kaka, na asante kwa kuleta namba zote, maana watu wengi wanauliza maili zao zina thamani gani bila kusema wanataka kwenda wapi na swali la hivyo halijibiki.

Anza na hizo dola 190. Tiketi ya maili sio ya bure, kuna kodi za serikali na za viwanja vya ndege ambazo ungelipa vyovyote vile, halafu kuna tozo ya shirika lenyewe, ile iliyokuwa inaitwa ya mafuta, mafuta yakashuka bei jina likabadilishwa na tozo ikabaki palepale. Kwa hiyo maili 45,000 hazijakuokolea dola 480, zimekuokolea 290. Gawa 290 kwa 45,000 unapata kama dola 6.40 kwa kila maili elfu. Bado hatujamaliza, kwa sababu ungelipa hela ungechuma maili mpya na tiketi ya maili kwa kawaida haichumi kitu. Tuseme ungepata 3,000, basi ukweli ni kwamba safari imekula maili 48,000, na elfu moja inashuka mpaka kama dola 6. Ukichukua dola kwa shilingi 2,500 kurahisisha hesabu, ni shilingi 15,000 kwa maili elfu, na zote 60,000 ni kama laki tisa. Sio dola 1,000, ila laki tisa nani anazitupa.

Sasa nikuulize, hiyo tiketi ya dola 480 ungeinunua kweli? Manake kama kila siku unapanda shirika lingine kwa dola 410, basi linganisha na 410, hiyo ndo hela ingetoka mfukoni. Toa 190 inabaki 220, gawa kwa 45,000, haifiki hata dola 5 kwa elfu. Watu wanapenda kulinganisha na bei kubwa waliyoiona kwenye tovuti ili wajisikie wameula.

Ushauri wangu shika dola 6 kama mstari wako. Safari ikikupa zaidi ya hapo toa maili, ikikupa chini ya hapo lipa hela na maili zikae. Msimu bei zinapopanda, Desemba kwa mfano, tiketi ileile ikifika dola 700 na maili zikabaki 45,000, unaona mwenyewe hesabu inavyoruka.

Na kwa mtu wa mizigo kama wewe kuna kitu nadhani kinakulipa kuliko hata tiketi ya bure, nacho ni daraja la kadi. Haya ni mambo mawili tofauti, maili za kutumia zinaisha ukizitumia ila daraja linahesabiwa kwa ulivyosafiri ndani ya kipindi fulani. Ethiopian wako Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, tangu 2011, na mwenye kadi ya Gold ya muungano ule anaongezewa kilo 20, au begi moja zaidi kwenye safari zinazohesabu mabegi, akipanda shirika lolote la humo. Wewe unajua kilo ya ziada Guangzhou wanakuchaji ngapi, piga hesabu kwa safari zako za mwaka. Kama safari zako umezigawa kwa mashirika manne kwa kufukuzia dola 20 hapa na 30 pale, hutafika daraja lolote popote. Na ukikatiwa tiketi na ajenti hakikisha namba yako ya uanachama imeingizwa, na uliza daraja la nauli, yaani aina ya bei uliyokatiwa, kwa sababu tiketi za bei ya chini kabisa mara nyingi zinachuma kidogo sana au hazichumi kabisa.

Swali: Assalaam alaykum. Niko Muscat, wazee wangu wako Zanzibar. Nina pointi kama 75,000. Kwenda na kurudi ikonomi ni riali 155, au pointi 30,000. Bizinesi klasi ni riali 580, au pointi 70,000. Zote tozo riali 45. Mume wangu anasema twende na bizinesi kwa kuwa ndiko pointi zinapata thamani. Hesabu yake sahihi?
*Dada wa Unguja, Oman*

Jibu: Waalaykum salaam dada yangu. Kwa kalkuleta shemeji yuko sawa kabisa. Ikonomi ni 155 toa 45 gawa kwa 30,000, unapata riali 3.67 kwa pointi elfu. Bizinesi ni 580 toa 45 gawa kwa 70,000, riali 7.64. Zaidi ya mara mbili!

Ila muulize shemeji kwa upole, riali 580 angezitoa kwa ajili ya kile kiti? Mtu ambaye hajawahi kununua bizinesi klasi na hana mpango huo hajaokoa riali 580, kapewa raha ambayo kwake ina bei nyingine kabisa. Kaeni mkubaliane, kwa safari ya saa tano na kitu, kulala vizuri na kukaa launji, mngekubali kutoa ngapi kwa tiketi nzima mwisho wenu? Kama mngefika riali 200 hapo ndo mwisho, basi 200 toa 45 gawa kwa 70,000, ni riali 2.21 kwa elfu, yaani mmefanya vibaya kuliko ikonomi. Kama mgongo wa mtu unauma na mngetoa 350, hapo ni riali 4.36, nyie nendeni tu na msimsikilize mtu.

Mimi ningekuwa wewe pointi 30,000 nisingezigusa, ningeziweka kwa ajili ya dharura. Simu ya msiba ikija usiku, tiketi ya kesho asubuhi haiwi riali 155. Ikiwa 260 na pointi zikabaki 30,000, elfu inakupa riali 7.17, karibu sawa na ile hesabu ya bizinesi, na hapa ni hela ambayo kweli ingekutoka, tena siku ambayo huna muda wa kuomba mkopo kwa mtu. Tatizo ni moja, sio kila shirika linaweka pointi palepale. Delta kwa mfano waliondoa jedwali lao la maili kwenye tovuti 2015, hela ikipanda na maili zinapanda. La kwako lipime sasa hivi ukiwa huna haraka, angalia tiketi ya kesho wanataka pointi ngapi na kama kiti cha pointi kipo. Na kama utamkatia mama kutoka upande wa Zanzibar soma kanuni mapema, kuna mashirika yanataka jina lake uliandikishe kwanza kabla ya kumtumia pointi zako.

Swali: Sasa mhariri. Niko Nairobi, nimeletewa ofa ya kununua pointi nusu bei, elfu moja kwa dola 15. Pia zangu za zamani ziko karibu kuisha, nichukue blenda kwenye duka lao?
*Msomaji, Nairobi*

Jibu: Poa. Kama pointi zako unazitumia kwa thamani ya dola 6 kwa elfu, kununua kwa 15 ni hasara, hiyo nusu bei ni nusu ya bei waliyoipanga wao. Nunua tu ukipungukiwa kidogo, umebakiza 2,000 kufikisha tiketi ya dola 300, hapo toa dola 30 upesi.

Kuhusu kuisha, angalia ni aina gani. Za Emirates zinadumu miaka 3 na zinakatwa mwisho wa mwezi wako wa kuzaliwa, utumie usitumie. Avios, yaani pointi za Qatar Airways, zinakufa ukikaa miezi 36 bila kuchuma wala kutumia, kwa hiyo hata kuchuma chache tu saa yake inaanza upya na blenda huihitaji. Kama zako ni za aina ya kwanza na huna safari yoyote kabla ya tarehe hiyo, bidhaa za dukani kwa kawaida zinalipa vibaya kuliko tiketi, ila chukua blenda.