Kontena lije mlangoni au lifunguliwe yadi?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, na nimefurahi kusikia meli imeshatia nanga na mizigo imeshashushwa. Unasema wakala anataka jibu kabla ya wiki kuisha: kontena lako la futi 20 lipelekwe zima mpaka nyumbani, au lifunguliwe kwenye yadi karibu na bandari na vitu vihamishiwe kwenye malori ya kawaida? Kazi ya kutoa mizigo ndiyo iliyonilisha mpaka nikastaafu, kwa hiyo sitazunguka. Kwa nyumba uliyopata wewe, lifungulie yadi. Ila lisifunguliwe hata nusu kabla hujafika.

Ungekuwa na njia pana na uwanja mbele ya nyumba ningekujibu kinyume. Vyombo vingi huvunjikia mikononi mwa watu kuliko baharini, na kontena likifika mlangoni kila kitu kinashikwa mara moja tu. Lakini umeniambia mwenyewe kwamba njia yenu ni nyembamba, ina kona kali, na nyaya za umeme zinaning'inia. Kontena lenyewe lina urefu wa mita 6 na kimo cha mita 2.6. Liweke juu ya trela, kimo chote kinakaribia mita 4. Dereva akifika kwenye kona hiyo akashindwa kukata, atasimama barabarani, saa za kusubiri zitahesabiwa juu yako, na mwishowe utatafuta pikapu za kusombea vitu kutoka hapo alipokwama. Hapo utakuwa umelipa njia zote mbili.

Tena watu husahau kwamba kontena juu ya trela halina ngazi. Sakafu yake iko zaidi ya mita moja kutoka chini. Hebu fikiria lile kabati lako la mbao likiteremshwa kwa mikono kutoka hapo, na dereva anaangalia saa.

Kuna na suala la kontena tupu. Kontena si lako, ni la kampuni ya meli, na siku za kukaa nalo bila malipo zina ukomo. Siku zikipita, kila siku ina tozo yake, na hiyo si ile tozo ya kulaza mzigo bandarini. Ni mbili tofauti, na unaweza kudaiwa zote. Likifunguliwa yadi, kwa kawaida tupu hurudishwa kutoka hapo hapo. Muulize wakala akuandikie nani anarudisha na siku ngapi zimebaki. Akujibu kwa maandishi, siyo kwa simu.

Sasa siku yenyewe. Kabla mtu hajashika mkasi wa chuma, soma namba ya kontena mlangoni: herufi nne, ya nne ikiwa U, kisha tarakimu saba. Ilingane na hati ya shehena, ile karatasi ya kampuni ya meli inayoeleza mzigo wako. Kisha soma namba ya sili, ile pini ya chuma inayofunga mlango, nayo ilingane. Kama forodha walishafungua kukagua, utakuta sili nyingine, basi dai karatasi inayoonyesha hivyo. Piga picha zote mbili, ndipo ikatwe. Wakianza na mlango wa kulia, simama pembeni, maana mizigo husogea safarini na boksi la juu linaweza kuwa limeegemea mlango.

Ukishaingia tazama dari kabla ya maboksi. Hewa ya ndani hupoa na kutoa unyevu, matone yakadondokea mizigo safari nzima. Madoa kwenye dari au harufu ya ukungu ni dalili ya kukagua magodoro na vitabu hapo hapo, wakati mashahidi bado wapo. Chochote kilicholowa au kuvunjika kiandikwe kwenye karatasi ya kupokelea mzigo kabla ya kutia saini. Uharibifu usioonekana kwa nje, Kanuni za Hague za mwaka 1924, yaani kanuni za kimataifa za mizigo ya baharini ambazo nchi nyingi bado zinazifuata kwa namna moja au nyingine, zinataka utolewe taarifa kwa maandishi ndani ya siku 3 tangu kupokea. Ndiyo maana sitaki kusikia maboksi yamekaa sebuleni mwezi mzima bila kufunguliwa. Angalia pia kama bima yako inaishia bandarini au inafika mpaka mlangoni. Nyingine huishia njiani, na mwenye lori akikuambia "mzigo uko salama" hiyo si bima.

Malori chukua mawili yaliyofunikwa, usibane hapo. La kwanza lipakie vizito, vitabu na mashine ya kufulia, vikae mbele karibu na kichwa cha gari. Friji isimame wima. Wakiilaza kwa lazima, isiwashwe mara tu ikifika, iache wima saa kadhaa mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Vitanda na masanduku ya nguo za watoto vipakiwe mwisho ili vishuke kwanza.

Habari ya msamaha wa ushuru kwa wanaorudi nyumbani mwachie wakala. Masharti yanatofautiana nchi na nchi, nawe tayari umempa karatasi.

Nitumie orodha ya maboksi leo usiku, yenye namba zote. Nitakuja siku hiyo nikae mlangoni nikiita namba, wewe uwe ndani unawaonyesha vijana kila boksi liende chumba gani. Na waambie mapema malipo yao ni baada ya boksi la mwisho kuingia.

Mama yako