Maswali ya Wasomaji: Silinda Hedi ya Datsun 1600 Ikatwe Kiasi Gani?

Swali: Mheshimiwa Mhariri, nimerithi kutoka kwa marehemu mjomba wangu Datsun 1600 yenye injini ya L16. Ninataka kuifufua na kuiongezea nguvu. Fundi mmoja hapa mjini ananishauri kwamba aikate silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda na kubeba valvu, milimita mbili, apanue njia za hewa na azing'arishe kama kioo. Je, nikubali? – Msomaji, Arua

Jibu: Ndugu msomaji, usikubali, walau si kabla ya kupima. Gari hili lina heshima yake katika Afrika Mashariki, kwani Datsun 1600 SSS ndiyo iliyoshinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1970, lakini nguvu ya injini yake haipatikani kwa kukata chuma ovyo.

Tuanze na hesabu. Silinda ya L16 ina kipenyo cha milimita 83 na pistoni yake husafiri milimita 73.7, hivyo kila silinda ina ujazo wa karibu cc 399. Tuseme kompresheni ya injini yako, yaani mara ambazo mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa, ni 8.5 kwa 1. Basi nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa ni kama cc 53. Ukikata nusu milimita, na tukichukulia kwamba chumba cha mwako ni kipana sawa na silinda, ingawa kwa kweli ni chembamba kuliko hapo, utapunguza cc 2.7 tu, na kompresheni itapanda hadi 8.9. Kwa hesabu hiyohiyo, milimita mbili zingekufikisha karibu na 10.4. Arua iko juu, na hewa nyepesi ya huko huipunguzia injini tabia ya kugonga, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda, kwa hiyo 9 au hata 9.5 inaweza kuvumilika; lakini siku utakapoteremka na gari hilo hadi Mombasa, injini ya 10.4 inayotumia petroli ya kawaida itakugongea njia nzima.

Kuna madhara mengine ambayo fundi wako hakuyataja. Injini hii ina kamshafti, mhimili unaofungua valvu, juu ya hedi, inayozungushwa kwa cheni, na kila unapokata hedi unaisogeza kamshafti karibu na krankshafti, mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni; cheni hulegea na valvu huanza kufunguka kwa kuchelewa. Kwa mkato mdogo, gia ya kamshafti ina matundu matatu ya kuifungia, na kuhamia tundu linalofuata huurudisha wakati wa kufunguka valvu (taimingi) mahali pake. Kwa mkato mkubwa hapana budi kuweka vibati chini ya minara inayoshikilia kamshafti, vyenye unene uleule uliokatwa, kisha kuhakikisha kwamba valvu hazikaribii pistoni kupita kiasi. Kwa hiyo ningekata kile tu kinachohitajika ili uso unyooke. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi, urefu, upana na mshazari, halafu jaribu kupitisha chini yake fila geji, yaani vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Hedi iliyopinda kupita milimita 0.1 ndiyo inayostahili mashine.

Fedha yako ipeleke kwenye viti vya valvu, yaani pete ambazo valvu hukalia zinapofunga. Baadhi ya hedi za zamani za aina hii zina viti vya shaba upande wa kuingizia hewa, na petroli yenye madini ya risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, ndiyo iliyokuwa ikivilinda viti laini visilike. Kama vimechimbika, weka vya chuma kigumu. Kisha kiti kikatwe kwa pembe tatu tofauti, za nyuzi 30, 45 na 60, ili hewa iteleze badala ya kugonga ukingo, na ule mstari wa 45 ambao valvu inaukalia uwe mwembamba upande wa hewa na mpana kidogo upande wa moshi, maana valvu ya moshi hupoa kwa kuugusa. Mirija inayoongoza valvu ikiwa imelegea, ibadilishwe kwanza. Kusaga valvu inayoyumba ni kazi bure.

Kuhusu njia za hewa, mwambie fundi alainishe sehemu iliyo chini tu ya kiti, aondoe vinundu vilivyoachwa kiwandani na alinganishe mdomo wa njia na gasketi, basi. Njia iliyopanuliwa mno huipunguzia hewa kasi, na gari hukosa nguvu katika mwendo mdogo, ambao ndio mwendo wa mjini. Mng'aro wa kioo upande wa kuingizia hausaidii kitu, ingawa unapendeza machoni. Mwishowe pima vyumba vya mwako kwa kuvifunika kwa bamba la plastiki angavu lenye tundu, kisha ujaze mafuta ya taa kwa bomba la sindano. Vyote vinne vitofautiane kwa si zaidi ya nusu cc.

Wakati wa kufungua hedi, chomeka kabari ya mbao katikati ya cheni, la sivyo kibanio chake kitachomoka na utalazimika kufungua kifuniko cha mbele. Baada ya kufunga, nafasi za valvu injini ikiwa moto ziwe milimita 0.25 za hewa na 0.30 za moshi.

Swali: Nimefungua hedi ya Peugeot 504 ya petroli. Je, naweza kuzungusha injini ili nisafishe vichwa vya pistoni? – Msomaji, Jinja

Jibu: Usizungushe bado. Slivu za injini hiyo, yaani mirija ambamo pistoni husafiri, zimezungukwa na maji na hushikiliwa na hedi yenyewe. Ukizungusha bila hedi, pistoni huziinua na mihuri ya chini huvunjika, kisha maji huingia kwenye oili. Zibane kwanza kwa bolti na washa nene. Kama tayari umeizungusha, zichomoe slivu, badilisha mihuri, na hakikisha kingo zake zinainuka kidogo juu ya bloku kwa kipimo cha kitabu cha gari kabla ya kurudisha hedi.