Mechi ya mazoezi na posho ya mwamuzi: alipwe lini, kiasi gani, na nani atoe

"Si mechi ya ligi, refa, ni mazoezi tu." Maneno haya mwamuzi huyasikia mara mbili: anapoombwa aje, na anapouliza posho yake. Msimamo wangu ni kwamba timu mbili tofauti zikikutana uwanjani na kumwita mtu awachezeshe, mtu huyo alipwe, iwe mechi ya pointi au isiwe. Kazi ya kujitolea ipo, lakini ni chache kuliko viongozi wa timu wanavyodhani.

Tuanze na mwili wake. Mwamuzi wa kati kwenye soka ya kiwango cha juu hukimbia takriban kilomita 10 hadi 12 ndani ya dakika 90, na miguu haijui kama matokeo yataingia kwenye msimamo wa ligi. Mechi nyingi za mazoezi huchezwa kabla ya msimu, wakati mwamuzi naye ndiyo kwanza anarudisha pumzi, na hapo ndipo misuli ya nyuma ya paja huchanika. Akiumia anakosa mechi za ligi, na posho za mechi hizo zinakwenda. Wachezaji nao hawachezi kirafiki kama jina linavyosema. Kijana anayepigania namba mbele ya kocha mpya huingia kwenye mpira kwa nguvu zake zote, na rafu zake zinahitaji macho yaleyale ya siku ya fainali.

Kiasi kinategemea aina ya mechi. Kikosi kimoja kikijigawa na kuvaa vizibao vya rangi mbili, kocha akisimamisha mchezo kila anapotaka kusahihisha, nusu ya posho ya ligi pamoja na nauli inatosha. Kwa mchezo wa namna hiyo hata kocha msaidizi anaweza kushika filimbi. Mechi ya kirafiki kati ya timu mbili, dakika 90 kamili, waamuzi watatu, ni kazi kamili na ilipwe kamili. Bonanza la mechi fupifupi lihesabiwe kwa dakika: mechi 4 za dakika 20 ni dakika 80, yaani karibu mechi moja nzima, na mwamuzi apumzike angalau mechi moja katikati, apate maji na chakula.

Mechi ya mafunzo ya waamuzi ndiyo pekee inayoweza kuchezeshwa bila posho. Hata hiyo ina masharti: mkufunzi awepo uwanjani na daftari lake, amweleze mwamuzi alikosea wapi kabla watu hawajaondoka, na nauli ilipwe. Mkufunzi asipokuwepo, hayo si mafunzo. Ni timu imepata refa wa bure.

Hesabu ya dakika inaokoa ugomvi mwingi, kwa sababu mtego wa mechi za mazoezi ni muda. Makubaliano yalikuwa vipindi viwili. Mwamuzi anafika anaambiwa makocha wanataka vipindi vitatu vya dakika 40 ili kila mchezaji aonekane. Hizo ni dakika 120. Gawanya posho ya mechi kwa 90, zidisha kwa dakika zitakazochezwa: dakika 120 ni posho moja na theluthi. Semeni hivyo kabla ya kipyenga cha kwanza, si baada ya cha mwisho. Mpira wa kikapu ni vilevile: mechi ni robo 4 za dakika 10, saa ikisimama mpira unaposimama, na makocha wakiongeza robo ya tano, nayo ina bei yake. Msisahau watu wa mezani, mwandishi na mtunza muda. Hao ndio husahauliwa kila mara.

Nani atoe hela? Hapa ndipo ninapotaka viongozi wa timu na waamuzi wasikilize zaidi. Mwamuzi anayechezesha bure kwa timu fulani kila wiki ya maandalizi anaonekana rafiki wa timu hiyo. Ligi ikianza, akaipa penalti dakika ya 88, wapinzani hawatauliza kama ilikuwa penalti ya kweli. Watauliza kwa nini huwa anaonekana kwenye mazoezi yao. Posho inayotoka mfukoni mwa kiongozi wa timu kwenda mkononi mwa refa, bila karatasi, huleta shaka ileile. Njia safi ni timu kuomba waamuzi kwa chama chao, chama kipange majina, timu mbili zigawane gharama nusu kwa nusu, na mhazini wa chama apokee na kutoa risiti. Mali bila daftari hupotea bila habari, na heshima ya mwamuzi hupotea vivyo hivyo.

Kupitia chama kuna faida nyingine. Pale waamuzi wanapokatiwa bima, mara nyingi bima hiyo hutambua mechi zilizoidhinishwa tu. Sheria ya 5 ya soka inasema mwamuzi hawajibiki kwa jeraha la mchezaji, lakini haimlipii yeye matibabu ya kifundo cha mguu alichoteguka. Ulizeni kabla ya kukubali.

Ujumbe mfupi wa simu kwa mameneja wote wawili unatosha kuwa mkataba:

"Jumamosi, saa 10:00 jioni. Vipindi 2 vya dakika 45, mapumziko dakika 15. Mwamuzi 1, wasaidizi 2. Mabadiliko: hadi wachezaji 11 kila timu. Kadi zinatumika. Posho na nauli zilipwe kwa mhazini kabla ya mchezo. Mechi ikiahirishwa waamuzi wakiwa wameshafika: nauli yote na nusu ya posho."

Idadi ya mabadiliko si pambo. Sheria ya 3 inaruhusu timu kukubaliana idadi kubwa katika mechi za kirafiki, mradi mwamuzi aarifiwe kabla ya mchezo. Suala la kadi nalo liandikwe, maana kuna kocha atakayeomba mchezaji aliyestahili nyekundu "abadilishwe tu". Ukikubali hivyo dakika ya 30, kufikia dakika ya 60 mechi imekushinda.

Wapo wanaosema mwamuzi naye anafanya mazoezi, kwa hiyo asidai. Ni kweli anafaidika: anarudisha pumzi, anazoea kusimama mahali sahihi. Lakini timu hufaidika pia. Mabadiliko ya sheria za soka kwa kawaida huanza tarehe 1 Julai, na mechi za maandalizi ndipo wachezaji wanapoyaonja. Tangu 2025, kipa akishika mpira kwa mikono zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona. Mwamuzi huinua mkono juu, vidole vitano wazi, akikunja kimoja kimoja kwa sekunde 5 za mwisho. Kipa aliyeuona mkono ule kwenye mechi ya mazoezi hatashangaa kwenye ligi. Hilo ni somo, na aliyelifundisha ana haki ya kulipwa.

Timu isiyo na uwezo iseme mapema. Ipunguze muda hadi dakika 60, iombe mwamuzi mmoja, na kila upande utoe mtu wa kushika kibendera kwa mipira iliyotoka tu. Kuotea aamue wa kati, na wote wajue atakosea mara kadhaa. Nauli isikatwe kamwe. Na timu iliyoahidi kulipa "wiki ijayo" chama kisiipangie waamuzi wa mechi nyingine ya mazoezi mpaka deni la kwanza liishe.